USINGIZI UKIISHA, DAWA BADO IMO
(Mazungumzo ya Kamati ya Mifugo mbele ya wanachama, Kigwa)

Mnakumbuka maksai wetu wa plau alipovunjika pembe. Bwana Mifugo alimchoma sindano ya kumlegeza ili amtibu. Alipolala chini, baadhi yetu walishika visu: "Huyu anakufa, tumchinje tugawane!" Tulikataa. Leo tunaeleza sababu.

Dawa ile inaitwa zailazini. Ikiingia mwilini inatembea na damu mpaka kwenye ubongo, mnyama analegea. Damu hiyo hiyo inapita kwenye ini. Ini ndilo kinu: linaitwanga dawa mpaka nguvu yake inakwisha. Kisha mafigo yanachuja makapi, yanatoka kwa mkojo.

Lakini wanyama hawalingani, ndugu zetu. Ng'ombe hutosheka na kama sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Ukimpa cha farasi, unaweza kumwua. Na ng'ombe mzee, aliyekonda, au mwenye minyoo ya ini, kinu chake kinatwanga polepole.

Sasa ya nyama. Mnyama akisimama, msidhani dawa yote imetoka. Mabaki hukaa kwenye ini, kwenye mafigo na pale palipochomwa sindano. Na sisi tunajuana! Akichinjwa tu, maini ndiyo ya kwanza motoni, na watoto wamekaa wanangoja. Kuchemsha kunaua vijidudu. Kusitegemewe kuondoa dawa.

Kwa hiyo tunaomba tushike haya:

1. Kila sindano iandikwe kwenye daftari: mnyama gani, dawa gani, tarehe gani.

2. Tumwulize Bwana Mifugo siku za kungoja kabla ya kula nyama au kukama maziwa ya kunywa. Kila dawa ina siku zake, hata hizi za ndigana na za minyoo. Asiyengoja anamlisha mwenzake dawa.

3. Mnyama aliyelazwa awekwe kivulini, alalie kifua, mdomo uelekee chini mate yatoke. Asilale ubavu, maana hewa ya tumboni itakosa njia. Tumbo likivimba, Bwana Mifugo aitwe mbio.

4. Ng'ombe mwenye mimba kubwa, tumwambie Bwana Mifugo mapema, kabla ya sindano. Dawa hii yaweza kuharibu mimba.

Ndugu wanachama, maksai yule leo anavuta plau. Tungemla siku ile, tungekula dawa, na shamba nani angelima?



Kamati ya Mifugo