Maji ya Kijito na Maji ya Kisima ni Mamoja

Wazee, Waalimu, na Ndugu zetu wa Kagunga,

Leo twapenda kusema nanyi habari ya maji. Labda mmoja wenu atauliza, "Mtu wa Kagunga afundishwe nini habari ya maji, naye ana Ziwa Tanganyika mlangoni pake, lenye kina cha mita 1,470?" Swali hili lafaa kujibiwa.

Kumbukeni mwezi wa Mei, 2015. Maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijaa katika ukanda huu mwembamba uliobanwa kati ya milima na ziwa, wakingoja meli ya Liemba iwachukue mpaka Kigoma. Vyoo havikutosha, na watu wakanywa maji ya ziwa vivi hivi. Kipindupindu kikaingia, wakafa watu wapatao 30. Ziwa halikupungua, lakini maji mema ya kunywa hayakuwapo.

Basi tutazame mwendo wa maji. Mvua ikinyesha mlimani, sehemu yake hutelemka juu ya ardhi na kuingia vijitoni. Sehemu nyingine huzama polepole katika udongo na nyufa za miamba. Maji hayo ya chini ndiyo yatokayo katika chemchemi, na ndiyo yalishayo kijito wakati wa kiangazi. Mlima ukikatwa miti, maji hukimbia upesi: masika huleta mafuriko, na kiangazi huacha kijito kikavu. Tena, kama maji yazamavyo, uchafu nao huzama. Choo kilichochimbwa juu ya kisima hukilisha kisima.

Katika nchi kavu jambo hili laonekana wazi zaidi. Mji wa Dodoma hutegemea sana visima vya Makutupora, ambako kimo cha maji ya chini kimepimwa tangu miaka ya 1950. Wataalamu waliovisoma vipimo hivyo waliona ya kuwa maji hushuka mwaka hata mwaka, kisha hupanda kwa ghafula katika miaka michache ya mvua kubwa, kama 1997 na 1998, mito ya msimu ifurikapo na maji yake kuzama mchangani. Maana yake, mto wa juu ndio uwekao akiba ya chini. Avutaye kisimani kupita kilichoingia ala akiba ya watoto wake.

Kwa hiyo, shauri letu ni hili. Kwanza, tuiache miti penye chemchemi. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza kazi za kudumu katika mita 60 za ukingo wa mto na ziwa. Pili, matuta ya mashamba yakingame mteremko, ili mvua ipate kuzama. Tatu, choo kiwe mbali na kisima, upande wa chini. Nne, maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywewa. Tano, mwalimu na wanafunzi wake wapime kimo cha kisima kila mwezi na kukiandika, ili upungufu ujulikane mapema.

Twajua neno la kwanza ni zito kwa mwenye shamba karibu na chemchemi, kwa kuwa hapa ardhi ni haba. Si haki mtu mmoja apoteze chakula chake ili wote wanywe. Baraza la kijiji na limtafutie mahali pengine kwanza, ndipo limwambie aondoke. Chemchemi isiyolindwa kwa haki hailindwi siku nyingi.