Injini ya Dizeli na Macho ya Dereva

Leo twataka kusema nanyi habari za injini za dizeli zivutazo mizigo katika Marekani. Chumba cha dereva kipo karibu na ncha moja. Upande mmoja pana boneti fupi. Upande wa pili pana boneti ndefu ifunikayo mitambo. Injini yaweza kwenda pande zote mbili.

Je, upande upi utangulie? Wengi watajibu: mfupi, ili dereva aone vema. Lakini kampuni mbili, Southern na Norfolk and Western, zilichagua mrefu. Madereva walikwisha kuzoea injini za moshi, ambazo pipa lake refu la kuchemshia maji hutangulia. Tena, lori likinasa mahali reli ikatanapo na barabara, boneti ile hupokea kishindo kabla ya watu.

Walakini ngao ikingayo kifua yaweza kuziba macho. Dereva huketi kuume. Njia ikipinda kushoto, haioni ishara wala mtu avukaye. Hapo humtegemea mwenziwe aliye kushoto, amwambie kwa sauti alionalo.

Mwaka 1982 kampuni hizo ziliunganishwa chini ya Norfolk Southern, na baadaye injini mpya zikatangulia kwa boneti fupi, iliyoshushwa ili dereva aone.

Basi tukumbuke: treni nzito ya mizigo huweza kwenda kilomita moja na zaidi kabla ya kusimama. Tufikapo penye reli, tusidhani kwamba dereva atuona. Tusimame, tutazame, ndipo tuvuke.