Kili Nyingi, Mkeka Mmoja
(Hotuba kwa wazazi na waalimu wa Visiwa vya Lamu)



Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nami nauliza: je, sisi twawakunja watoto kuelekea wapi?

Katika Kaunti ya Lamu wanakaa Waamu, Wapate, Wabajuni, Waaweer, Waorma, Wagiriama, na Wakikuyu ambao wengi wao walianza kuja miaka ya 1970 kulima Mpeketoni. Mwezi wa Juni, 2014, Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Baada ya msiba ule jirani alimtazama jirani kwa shaka, na watoto waliyasikia maneno ya wakubwa.

Kumwambia mtoto "pendaneni" ni vyema, lakini neno huingia sikio hili likatokea lile. Alichofanya kwa mikono yake hakimtoki. Tangu mwaka 2019 mtaala mpya wa Kenya wataka mtoto ajifunze kwa kutenda, na umoja, heshima na amani ni miongoni mwa mambo anayopasiwa kufundishwa.

Vifaa vya kazi hii havitoki mbali. Mwiteni bibi mmoja ajuaye kusuka, aje na miyaa ya mkindu. Kila mtoto asuke ukili wake, hata ukipinda. Kisha wakae wawili wawili, wa kabila hili na wa lile, wasaidiwe kuziunga kili zao hata mkeka upatikane, nao waukalie wote wakati wa hadithi. Hapo mtoto ataona mwenyewe kwamba ukili mmoja haulaliwi, na kwamba mmoja ukifumuka mkeka wote huharibika. Wakubwa kidogo wapelekeni Matondoni, wakaone mafundi wakiunga mbao nyingi ziwe chombo kimoja.

Sisemi kwamba mkeka utamaliza magomvi ya ardhi. Hiyo ni kazi ya wakubwa na ya sheria. Lakini mtoto aliyeshona pamoja na mwenzake atajua jina lake, na hataamini upesi kwamba ni adui.

Basi, ndugu zangu, nawasihi: walichokishona watoto shuleni mchana, tusikifumue sisi nyumbani usiku.