Kabla ya Miaka 18



Kijana wenu akikaribia miaka 18, andikeni pamoja naye mambo matatu asiyowahi kufanya, ayatimize kabla ya siku hiyo. Moja: ale kwa jirani wa kabila lingine, moto wa Nyiragongo, 2002 na 2021, haukuchagua kabila. Mbili: aseme mbele ya wazee katika kikao. Tatu: ashike mkononi cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa nini haraka? Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumwingiza jeshini kabla ya umri huo, lakini mwenye bunduki hangoji. Cheti kitaonyesha umri wake. Jirani na wazee watamzuia asiende.

Machefu, mpeni kiti.