Motokaa Kuukuu Ikohoapo na Kuvuja Oili



Wengi wenu hamna motokaa, nasi pia tusingalikuwa nayo kama walimu watano tusingalishirikiana kununua moja iliyokwisha tumika. Walakini hapana mtu wa Korogwe wala wa Handeni asiyepata kupanda gari kuukuu, akasikia injini ikikohoa, akaona abiria wakitazamana na dereva akinyamaza. Kwa hiyo twaona yafaa kusema nanyi habari za jambo hili.

Gari letu ni Land Rover ya namna iitwayo 109, Series III. Magari ya namna hii yalitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985, basi hata lililo changa kuliko yote si kijana tena. Lina injini ya petroli yenye silinda 4. Tulilinunua ili kuchukulia mahindi yetu, lakini kijijini gari halina mwenyewe mmoja. Usiku mtu akiugua, mlango unaobishwa ni wa yule aliye na funguo.

Usiku mmoja wa mvua za vuli tuliitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, tumpeleke hospitali Korogwe. Kutoka Handeni mpaka Korogwe ni kilometa 65 hivi kwa barabara kubwa, nayo imetiwa lami. Lakini kijiji kile kiko ndani, na njia yake ni ya udongo. Hatujaifikia lami, injini ikaanza kukosa, ikatetemeka, ikazima. Tulikaa pale saa nzima na zaidi. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, kwa mwanga wa tochi, mikononi mwa bibi yake, nasi wanaume tumesimama nje mvuani tusijue la kufanya. Mvua ilipokoma, injini ikawaka yenyewe kana kwamba haikuwa na neno. Mama na mtoto walifika salama, lakini hatukujisifu kwa hayo.

Maana ugonjwa ule tulikuwa tukiujua. Mara tatu tulikuwa tumelipeleka gari kwa fundi mmoja. Mara ya kwanza alitia plagi mpya, mara ya pili akasafisha kabureta, mara ya tatu akatuuzia koili. Kila mara gari lilimfikia mchana wa jua, likiwa zima kabisa, naye kila mara alibahatisha. Hatusemi alikuwa mwizi. Twasema alibadili kabla ya kupima, na sisi tulilipa kabla ya kuuliza. Tangu usiku ule tukaazimu kujifunza wenyewe.

Injini ikikosa, jambo la kwanza ni kuijua silinda iliyolala. Iache injini iwake polepole, kisha uchomoe waya wa plagi mmoja mmoja, kwa koleo yenye mpini wa mpira au kwa kitambaa kinene kikavu. (Mwenzetu mmoja alishika kwa kitambaa kibichi, akaruka hata kofia ikaanguka.) Ukichomoa waya na injini ikazidi kulegea, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Ukichomoa na injini isibadilike hata kidogo, umempata mvivu. Kila waya urudi mahali pake, kwa kuwa silinda za injini hii hazifuatani katika kuwaka. Huwaka ya 1, kisha ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2, zikihesabiwa toka mbele.

Sasa fungua plagi ya silinda ile, uibadilishe na ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, itazame plagi yenyewe. Ncha yenye rangi ya udongo mwekundu hafifu ni ya afya. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi au hewa imepungua. Na huku Handeni wakati wa kiangazi twashauri mtu alitazame kwanza chujio la hewa, ambalo katika gari hili lina bakuli la oili la kunasia vumbi. Siku ya kwanza tulipolifungua letu, tulikuta tope zito kama uji. Plagi iliyolowa oili yaonya kwamba pistoni au valvu zimekwisha kulika.

Kama silinda mbili zilizo jirani zimelala pamoja, usilaumu plagi. Mara nyingi gasketi ya kichwa imeungua katikati yao, na pumzi ya moja yaingia kwa nyingine. Ukizungusha injini kwa mpini wa mkono, utasikia mahali hapo pepesi, pasipo kukaza.

Petroli nayo ina hila zake, hasa ile inunuliwayo katika madumu njiani. Chini ya pampu ya petroli kuna kikombe cha kioo. Ukiona maji au mchanga umelala humo, kisafishe, wala asiwepo mvuta tumbako karibu.

Gari letu halikuwa na hata moja katika hayo. Basi tukakumbuka kwamba lilikosa siku za mvua tu, na kwamba lilipona lilipokauka kwa joto lake lenyewe. Usiku wa giza tulilisimamisha uani, tukafungua boneti, injini ikiwaka, tukanyunyiza matone machache ya maji juu ya kile kifuniko cheusi kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi. Mara tukaona vijimwali vya samawati vikikimbia juu yake kama sisimizi. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Palipo kavu umeme ulifuata njia yake. Palipo na unyevu ulitoroka kwa ufa. Kifuniko kipya kilitugharimu kidogo kuliko ile koili tuliyouziwa bure.

Tuje sasa kwenye oili. Watu huona tone chini ya gari, wakaagiza gasketi ya mahali palipo tone. Lakini oili huteremka, na gari likienda upepo huitupa nyuma; basi mahali idondokapo si mahali itokapo. Osha injini kwa mafuta ya taa ikiwa imepoa, ikauke vizuri, endesha kilometa chache, kisha tazama palipo juu kabisa penye unyevu mpya. Sisi tulidhani sampu yavuja, kumbe oili ilitoka juu, kwenye kifuniko cha valvu, ambacho mtu alikikaza kwa nguvu mno hata kikapinda.

Jambo moja tulilichelewa kulijua, nalo ni kubwa. Injini ina kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na uchafu, pumzi inayopita kando ya pistoni haina pa kutokea, nayo huisukuma oili nje kwa kila upenyo. Mtu aweza kubadili gasketi zote, na baada ya mwezi zikavuja tena. Kwa hiyo safisha kitundu hicho kwanza, ndipo ununue gasketi.

Moshi wa samawati pia una lugha. Ukitoka Lushoto kuteremka Mombo, umeachia mafuta, na ukifika chini ukakanyaga tena likatoka wingu la samawati mara moja, oili hupita kwenye miongozo ya valvu. Kama moshi watoka wakati wote injini ivutapo mzigo mlimani, ringi za pistoni zimechoka, na hiyo ni kazi ya fedha nyingi.

Nyuma ya injini, mahali inapoungana na giaboksi, chini kuna tundu dogo. Kuna skrubu maalumu ya kuliziba wakati wa kuvuka maji tu. Baadaye huondolewa, ili oili iliyopenya isilowanishe klachi. Letu ladondosha hapo. Tulinusa: oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, na hii haikuwa nayo. Basi ni sili ya nyuma ya injini. Kuitengeneza yataka kuondoa giaboksi yote, na kwa matone machache kwa usiku tumeona haitupasi bado. Kila alfajiri anayeshika zamu huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta, hukirudisha, hukitazama, kisha huandika katika daftari lililo chini ya kiti. Kopo la oili liko nyuma, pamoja na tochi mbili na kanga safi.