Haraka Ndiyo, Lakini Nani Anashika Feza?



Waliniomba niongee kuhusu namna ya kuendesha mradi. Mimi niko na diplome, kazi sina, sawa na wengi wenu. Wakati wa kusoma hauko haba, na hii miezi nimesoma sana njia moja inaitwa DSDM. Jina lake halina utamu, nakubali. Lakini inagusa lile bishano tunalobishanaka kila mkutano: tuende haraka, ao tuende na utaratibu?

Ilizaliwa Uingereza, 1994. Wakati ule watu wa programu za ordinateri walikuwa wamechoka na miradi mirefu: unaandika kitabu kizima cha mahitaji, unajenga miaka, siku ya kufungua unakuta watu walishabadilisha mawazo. Wengine wakakimbilia kutengeneza haraka haraka, kila mtu na namna yake. Mbio ilikuwa, mpangilio hapana. Njo makampuni yakakaa pamoja kuandika utaratibu mmoja ambao ungelinda ile mbio. Mwezi wa pili 2001, watu 17 walikutana Snowbird, Utah, huko Marekani, wakaandika tangazo la kazi nyepesi, ile wanaita ajile. Mmoja kati yao alitoka upande wa DSDM. Kwa hiyo musidanganywe na mtu anayesema ajile maana yake hakuna sheria.

Sasa, ndani yake muko nini? Tunaonaka hivi: orodha ya vitu vya kufanya inabaki vile vile, kiisha tarehe inasogea, feza zinaongezwa, na mwishoni ubora unauawa kimya kimya. DSDM inageuza hiyo hesabu. Tarehe haitembei. Feza haziongezwi. Ubora munakubaliana mwanzoni na hakuna wa kuugusa. Kinachoweza kupungua ni paka wingi wa vitu.

Na kupunguza bila kupigana kuko na namna yake. Inaitwa MoSCoW. Haina kitu na muji wa Urusi, ni herufi za mafungu manne, na aliyeianzisha ni Dai Clegg wakati akifanya kazi Oracle. Tuseme siye tunatengeneza programu ya kujua bomba gani za mtaa ziko na maji leo. Fungu la kwanza ni lazima: mama mwenye kasimu kadogo aweze kutuma ujumbe, na ule ujumbe uonekane. Fungu la pili inafaa sana, lakini bila hiyo tutavumilia: ramani. La tatu ikiwezekana: picha za bomba. La nne, safari hii hapana: vile vya kupendeza wageni. Swali la kupima ni moja: kama hiki kitu hakiko siku ya kufungua, tutafungua? Kama kuko njia ya kuzunguka, basi haikuwa lazima. DSDM inashauri vitu vya lazima visikule zaidi ya asilimia 60 ya nguvu, na karibu 20 ibakie kwa vile vya ikiwezekana. Ile 20 njo akiba yenu siku umeme unakatika ao mwenzenu anagonjwa. Kundi likiandika kila kitu ni lazima, limejifunga kamba lenyewe.

Kazi inakatwa vipande vya wiki mbili mpaka nne, na kila kipande kiko na mwisho wake. Ndani ya kipande, kundi lina haki ya kuacha picha za bomba bila kuomba ruhusa kwa shefu. Lakini kitu cha lazima kikiwa hatarini, hawawezi kuficha: habari inapanda juu mara moja. Hapo njo usimamizi uko. Haukuja kutoka nje siku ya mwisho na kalamu nyekundu, uko ndani tangu mwanzo. Kabla ya kujenga, munauliza kama mradi unafaa hata kuanza. Kuko mtu mmoja anayebeba feza na sababu ya mradi. Mmoja, si komite ya watu kumi ambamo kila mtu anaonyesha mwenzake kidole. Kuko mtumiaji wa kweli anayekaa na kundi kila mara. Anayepima kitu asiwe yule aliyekitengeneza. Na kila mwisho wa sehemu, swali linarudi: faida bado inazidi gharama? Kama hapana, mnasimama.

Mutasema hiyo ni mambo ya wazungu matajiri. Lakini hata wao walilipa. Serikali ya Uingereza ilianza kuunganisha misaada sita ya raia kuwa mmoja, Universal Credit, na ikachagua njia ya ajile bila kuizoea. Mwezi wa tisa 2013 wakaguzi wa hesabu wa ile inchi wakatoa rapo: udhibiti wa feza dhaifu, habari mbaya hazipandi juu juu kila mtu anataka kuleta habari njema, na mitambo ya pauni milioni 34 imeshafutwa kwenye vitabu.  Siye ambao tunachangishana franka mia tano mia tano, tutavumilia hasara gani?

Kasoro iko. Majina ya kazi ni mengi, kundi la watu saba likiyafuata yote litabakia kuandika makaratasi. Njia yenyewe inaruhusu mtu mmoja kubeba majina mawili ao matatu. Mimi ningekata mengi, lakini anayeshika feza na anayepima sitawaweka kwenye kichwa kimoja, hata kama ni rafiki yangu. Hasa kama ni rafiki yangu.

Kwa mkutano ujao, kila kundi lilete orodha yake katika mafungu manne, tarehe moja isiyosogea, na jina la mtu mmoja atakayeulizwa kuhusu feza. Kundi lisilo na hilo jina tutaliomba lingoje, feza za mfuko hazitatoka.