Mjukuu Wetu na Chama cha Mshale



Mjukuu wetu aliyeko Marekani amechaguliwa na maskauti wenzake aingie Order of the Arrow, yaani Chama cha Mshale, kilichoanzishwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Treasure Island, mto Delaware. Mama yake ameingiwa na hofu, akatuandikia: mtoto atalala nje peke yake, na kesho yake atashinda kimya, akila kidogo na kufanya kazi za kambi. Je, si chama cha siri hicho?

Nimeuliza. Mambo ya sherehe hayatangazwi ovyo, lakini mzazi akitaka kuelezwa huelezwa. Tena kura hupigwa na kikosi kizima, hata wasio wanachama. Jambo ambalo sisi wenyewe bado hatujalithubutu.

Basi nimemjibu mama: mpe blanketi nzito, glavu za kazi na chupa ya maji. Viatu vipya asivae. Kama anatumia dawa, wakubwa wa kambi waarifiwe mapema. Na kuhusu kunyamaza, wazee mliopita jandoni mwandikieni ninyi, atawasikia kuliko mimi.